Kimeng'enya Kinachokata RNA: Nani Anakiwasha, Nani Anakizima?

Ukifungua madesa yetu ya baiolojia ya seli, vimeng'enya vimepangwa kama kikosi cha mpira: jina, namba, kazi, basi. Hiki kinatengeneza RNA, kile kinaikata, kingine kinaibadilisha herufi. Tunakariri, tunaingia kwenye UE, tunamwaga. Lakini kuna swali ambalo kwenye orodha halimo, nami naona ndilo zito kuliko yote: kimeng'enya kinachokata RNA kinajuaje wakati wa kukata?

Maana RNA si mali ya virusi peke yao. Seli yako nayo inaishi kwa RNA. Maelekezo ya kutengeneza protini yanasafirishwa na RNA, na hata ribosomu, mashine inayozitengeneza protini hizo, sehemu yake kubwa ni RNA. Kisu cha aina hiyo kikichomolewa ovyo, anayeumia ni mwenye nyumba.

Tuanzie nyumbani. Hapa Kitete mtu akiamka na homa na viungo vinauma, wazo la kwanza ni malaria. Lakini ziko homa nyingine, na ukanda wetu umeipa dunia majina ya virusi kadhaa ambavyo jeni zake ni RNA. Chikungunya ilielezwa kitaalamu baada ya mlipuko ulioanza 1952 kwenye Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu. Zika ni msitu wa Uganda, ambako kirusi hicho kiligunduliwa 1947. Virusi vya namna hii vinapozaliana ndani ya seli huacha alama: RNA ndefu yenye nyuzi mbili zilizolalana.

Alama hiyo inanaswa na mlinzi aitwaye OAS. Akiishika tu, anachukua ATP na kuunga mnyororo mfupi unaoitwa 2-5A. Ian Kerr na mwenzake Brown waliueleza muundo wake huko London mwaka 1978. Katika RNA ya kawaida vipande huungana kwa kaboni ya 3 na ya 5. Huu umeungwa kwa ya 2 na ya 5. Ni kama barua yenye muhuri wake, haichanganyiki kirahisi na nyingine.

Mpokeaji wa barua ni RNase L. Muda wote kimo ndani ya seli, kimelala, kila molekuli kivyake. 2-5A ikikifikia, molekuli mbili zinashikana, na hapo ndipo makali yanapotoka. Kinakata RNA ya kirusi, sawa, lakini kinakata na ya seli yenyewe, ribosomu zikiwemo. Uzalishaji wa protini unasimama. Hali ikiendelea, seli inajiua, ili kirusi kisipate karakana ya kutengenezea wenzake.

Sisi wa Tabora mkakati huo hatuuoni mgeni. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Pembe hazikupita, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke kusini. Silaha ile iliwabana wafanyabiashara kwelikweli, ila Mirambo naye alikuwa anaitaka biashara ileile. Njia ikifungwa milele, hata aliyeifunga anakosa. Kwa hiyo kujua kufunga ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kufungua.

Seli inafungua vipi? Kwanza, kuna vimeng'enya vinavyoivunja 2-5A, kimojawapo kikiitwa PDE12. Barua ikichanika, RNase L kinarudi kulala. Virusi navyo si wajinga: rotavirusi, vile vya kuharisha kwa watoto, vina protini yao ya kuichana barua hiyohiyo.

Pili, kuna ADAR1, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Asilimia kama 10 ya DNA ya binadamu ni vipande vinavyojirudia vinavyoitwa Alu, zaidi ya milioni moja. Vikinakiliwa kuwa RNA, baadhi hulalana na kuonekana kabisa kama RNA ya kirusi. ADAR1 hubadilisha herufi A humo kuwa inosini, nyuzi zinalegea, mlinzi anatulia. Kimeng'enya hiki kina maumbo mawili: moja lipo kwenye kiini siku zote, jingine huongezeka pale interferoni, ishara ya hatari, inapotolewa. Ishara hiyohiyo huongeza OAS pia. Yaani anayenoa kisu ndiye anayeleta na ala.

Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba seli za saratani ya pafu la binadamu zikiondolewa ADAR1 zinakufa bila kirusi chochote. Ukiziondolea na RNase L, zinaishi. Kwa hiyo muuaji hakuwa mgeni.

Na hili si la maabara tu. Mabadiliko katika jeni ya ADAR1 ni miongoni mwa visababishi vya ugonjwa wa Aicardi-Goutières, unaoharibu ubongo wa watoto wachanga. Upande wa pili, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulikuta watoto wasio na OAS1, OAS2 au RNase L inayofanya kazi, ambao miili yao ilivimba vibaya baada ya UVIKO-19. Ukizidisha unaumia, ukipunguza unaumia.

Kwa nini basi yatuhusu sisi? Jeni ya OAS1 ina herufi moja inayoamua RNA yake ikatwe na kuungwa wapi. Umbo moja linatoa protini ndefu zaidi, inayojishikiza kwenye utando ambako virusi vya korona hujinakilia, na wenye umbo hilo hawakuugua sana. Wazungu walio nalo walilirithi ndani ya kipande kirefu cha DNA ya Neanderthal, ikawa vigumu kujua ni herufi ipi hasa inayofanya kazi. Watu wenye asili ya Afrika wanayo herufi hiyo bila kipande kile. Utafiti wa 2022 ulipowatazama hao, jibu likapatikana.

Bado data nyingi za jeni duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya. Siku watafiti watakapokuomba sampuli, uliza maswali yote: itatunzwa wapi, nani ataitumia, majibu yatarudi kwa nani. Ukiridhika, usikatae kwa mazoea tu. Na ukiwa unasomea UE, kila kimeng'enya kiulize matatu: nini kinakiamsha, nini kinakilaza, na nani anaumia udhibiti ukishindwa. Hayo hayamo kwenye madesa, itabidi tuyaandike wenyewe pembeni.