Fizi Zinazotoa Damu: Dawa ya Kuwekwa Ndani ya Ufizi Husaidia Lini?

Mkazi wa Kayole au Umoja anayetema damu kila anapopiga mswaki hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 98.1 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na fizi zinazotoa damu. Kwa sababu ni jambo la kawaida hivyo, wengi hulipuuza. Hununua dawa ya kusukutua kwenye kemisti, damu hupungua kwa muda, kisha hurudi. Wengine hufika kliniki jino likiwa limelegea kiasi kwamba hakuna la kufanya ila kuling'oa.

Chanzo ni utando wa bakteria unaojijenga kwenye meno. Usipoondolewa kwa mswaki hugeuka kuwa ukoga mgumu, na ukoga huo mswaki hauutoi tena. Ufizi huvimba na kutoa damu. Katika hatua hii ugonjwa bado unaweza kuisha kabisa. Ukiachwa, kwa baadhi ya watu ufizi huachana na jino na kufanya mfuko. Ufizi wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3 hivi. Kikifika milimita 5 au zaidi, bakteria hujificha humo, na kwa kawaida mfupa unaoshikilia jino huwa umeanza kulika. Mfupa huo haurudi wenyewe.

Dawa ya kusukutua haifiki chini ya mfuko wa kina kama huo, hata mgonjwa asukutue mara ngapi. Hapo ndipo dawa inayowekwa ndani ya ufizi inapokuwa na kazi. Daktari wa meno huingiza kwenye mfuko jeli, au kipande chembamba cha jelatini, kidogo kuliko ukucha, chenye miligramu 2.5 za klorheksidini. Ni dawa ileile ya kuua vijidudu iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusukutua. Kipande hicho hutoa dawa polepole kwa siku 7 hadi 10 na kuyeyuka chenyewe.

Hata hivyo, faida yake isitiwe chumvi. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilipochambua tafiti mwaka 2015, kilikuta kipande hicho kikiongeza wastani wa milimita 0.4 tu juu ya matokeo ya kusafisha. Mwongozo wa wataalamu wa fizi wa Ulaya wa mwaka 2020 unasema kinaweza kufikiriwa. Hausemi ni lazima. Tiba yenyewe ni kusafisha, yaani kukwangua ukoga juu na chini ya ufizi, kwa ganzi ikihitajika. Dawa iliyowekwa juu ya ukoga ni pesa iliyopotea.

Na hapa kuna imani inayowagharimu watu meno: kwamba kusafishwa hulegeza meno. Jino linaloonekana kulegea baada ya kusafishwa lilikuwa limeshikiliwa na ukoga. Mianya inayobaki ni nafasi ambayo ukoga ulikuwa umeijaza.

Wenye kisukari na wavutaji sigara wamo hatarini zaidi, na wasingoje maumivu, kwani ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Wakazi wa Eastlands wanaweza kuanzia kitengo cha meno katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek, pia huhudumia umma. Dawa ya kuwekwa ndani haipatikani kila kliniki, hivyo ni vyema kuuliza mapema kama ipo na bei yake.

Aliyewahi kupata mzio wa klorheksidini amweleze daktari kabla ya kuwekewa. Baada ya hapo mswaki unaendelea kama kawaida, ila uzi wa meno usipitishwe mahali palipowekwa kipande kwa siku 10.