Usiache mbachao: Mashabiki waliongoja taji kwa miaka 108

MSOMAJI, ikiwa wewe ni shabiki wa Gor Mahia, bila shaka unaikumbuka ile miaka 18 ya ukame, tangu timu iliponyakua ubingwa wa ligi mwaka 1995 hadi ilipoupata tena mwaka 2013. Na ikiwa wewe ni wa AFC Leopards, huhitaji kukumbushwa kwamba Ingwe ilitwaa ligi kwa mara ya mwisho mwaka 1998. Unajua maana ya kutoka uwanjani Jumapili jioni ukiwa umenuna, ukapanda matatu bila kusema na mtu, ukafika nyumbani na kupokewa na watoto mlangoni kwa swali lile lile: "Baba, tumeshinda?"

Sasa hebu zidisha ile miaka 18 mara sita. Utapata 108.

Fikiria babu yako anazaliwa, anakua, anaipenda timu ya mtaani kwao, anazeeka na kuzikwa bila kuiona ikitwaa kombe. Fikiria babako naye anarithi mapenzi hayo hayo, naye anakwenda na njia hiyo hiyo. Kisha zamu inakufikia wewe. Je, ungewarithisha watoto wako timu kama hiyo, au ungewaambia watafute nyingine?

Hilo ndilo swali lililowakabili wenyeji wa Chicago, huko Marekani, ambao ni mashabiki wa timu ya besiboli iitwayo Chicago Cubs. Timu hiyo ilishinda taji la taifa mwaka 1907, ikalishinda tena mwaka 1908. Baada ya hapo, kimya.

Machungu ya kila siku

Huenda besiboli ni mchezo mgeni kwako, lakini usiogope. Ikiwa ulisomea shule ya msingi hapa nchini, umeona wasichana wakicheza raunda. Besiboli ni ndugu yake mkubwa. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji tisa. Mmoja anarusha mpira kwa nguvu, mwingine anaungoja na gongo. Akiupiga vyema anakimbia kupitia vituo vitatu, na akirudi salama alikoanzia, timu yake inapata pointi moja. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na pointi zikilingana, zamu huongezwa.

Jambo la kushangaza ni wingi wa mechi. Mwenzangu wa kandanda hulia mara moja kwa wiki, kisha anapata siku kadhaa za kupoa. Shabiki wa besiboli hana nafasi hiyo. Katika msimu mmoja timu hucheza mechi 162, karibu kila siku, tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa Septemba. Hata timu bora hupigwa mara nyingi. Cubs ya mwaka 2016, ambayo haikuwa na mfano mwaka huo, ilishinda mechi 103 na kushindwa 58. Yaani hata mwaka wa neema, shabiki alilala na huzuni mara 58!

Ndiyo sababu mchezo huu huingia ndani ya nyumba kama chai ya jioni. Uwanja wa Cubs, Wrigley Field, ulifunguliwa mwaka 1914, na timu ikahamia humo mwaka 1916. Haukujengwa kando ya jiji bali katikati ya makazi ya watu, hata majirani wakawa wanatazama mechi kutoka mapaani. Ukuta wake wa nyuma umefunikwa na mimea itambaayo iliyopandwa mwaka 1937. Kwa miaka mingi haukuwa na taa, kwa hivyo mechi za nyumbani zilichezwa mchana tu, hadi taa zilipowashwa Agosti 1988. Mtoto aliyetoka shule alitupa mkoba, akawasha televisheni, akazikuta zamu za mwisho zikichezwa.

Mechi ikiisha, bendera hupandishwa. Ikiwa nyeupe yenye herufi W ya buluu, Cubs wameshinda. Ikiwa ya buluu yenye L nyeupe, wameshindwa. Abiria wanaopita kwa treni hutupa jicho tu, wakajua watapokewaje nyumbani.

Mbuzi, paka na mkono wa shabiki

Mtu akishindwa sana hutafuta mchawi. Mashabiki wa Cubs walimpata mbuzi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1945, Cubs walipokuwa wakicheza fainali na Detroit, Mgiriki mmoja mwenye baa, Billy Sianis, alifika uwanjani na mbuzi wake. Wakuu wa uwanja wakamfukuza mbuzi kwa sababu ya harufu. Sianis akakasirika, akailaani timu. Cubs wakashindwa mechi nne kwa tatu. Hiyo ilikuwa fainali ya saba waliyopoteza tangu 1908, na hawakuonekana tena kwenye fainali kwa miaka 71.

Mimi siamini laana ya mbuzi, na huenda hata wewe huiamini. Lakini sikiliza yaliyofuata, kisha uniambie kama wewe usingeanza kutazama nyuma ya mlango.

Mwaka 1969 Cubs waliongoza kundi lao karibu msimu mzima. Septemba, wakiwa ugenini New York, paka mweusi aliingia uwanjani na kupita mbele ya wachezaji wao. Timu ikaporomoka, na wenyeji, New York Mets, wakatwaa ubingwa. Mwaka 1984 walihitaji ushindi mmoja tu katika mechi tatu dhidi ya San Diego ili kufika fainali. Walipoteza zote tatu.

Kisha ukaja mwaka 2003. Oktoba 14, nyumbani, Cubs walikuwa wakiongoza Florida Marlins kwa pointi 3 bila, na walibakisha kuwatoa wapigaji watano tu ili waingie fainali. Mpira ukapigwa juu, ukaelekea ukingoni mwa uwanja. Mchezaji wa Cubs akaruka ili audake. Mashabiki kadhaa nao wakanyosha mikono, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na mkono wa mmoja wao ukaugusa. Mpira haukudakwa. Muda mfupi baadaye mchezaji mwingine wa Cubs akaponyokwa na mpira rahisi, na kabla zamu hiyo kwisha, Marlins walikuwa wamefunga pointi nane. Kesho yake Cubs wakapigwa tena, wakatolewa.

Je, nani alilaumiwa? Si wachezaji, si kocha. Ni yule kijana shabiki, ambaye hakurusha wala hakupiga mpira. Alitupiwa vinywaji, akatolewa uwanjani chini ya ulinzi, na polisi wakailinda nyumba yake. Kosa lake lilikuwa kuipenda timu akiwa ameketi kwenye kiti cha mbele. Hili, msomaji, ndilo doa kubwa kuliko mbuzi na paka. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mashabiki wanaomtafuta mtu wa kumtwika msiba wao hawana tofauti na kijiji kinachomsaka mchawi.

Jirani wakila, wewe unanusa

Kana kwamba hayo hayakutosha, wengine walianza kufanikiwa. Mwaka 2004 Boston Red Sox, ambao nao walikuwa wamengoja miaka 86, walishinda taji. Mwaka uliofuata, uhondo ukapikwa jirani kabisa: Chicago White Sox, timu ya upande wa kusini wa jiji hilo hilo, ilitwaa taji lake la kwanza tangu 1917. Waulize mashabiki wa Gor wangejisikiaje Ingwe akisherehekea barabarani huku wao wakichungulia dirishani.

Kuna hata gwiji aliyeonja uchungu huo maisha yake yote. Ernie Banks aliichezea Cubs tangu 1953 hadi 1971, hakuhamia timu nyingine, na alivusha mpira nje ya uwanja mara 512. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya baada ya msimu wa kawaida. Alifariki Januari 2015. Laiti angengoja mwaka mmoja na miezi!

Usiku wa mvua

Aliyeileta dawa alikuwa Theo Epstein, yule yule aliyeiongoza Boston kulivunja gundi lao. Aliajiriwa na Cubs Oktoba 2011. Kwanza mambo yaliharibika zaidi: mwaka 2012 timu ilishindwa mechi 101. Wazee waliuliza, kuna haja gani kuendelea? Lakini chipukizi walikuwa wakikuzwa, akina Anthony Rizzo, Javier Baez na Kris Bryant.

Mwaka 2016 wakafika fainali dhidi ya Cleveland. Wakabanwa hadi wakawa nyuma mechi tatu kwa moja. Wakashinda mbili mfululizo. Mechi ya saba ikachezwa Cleveland, usiku wa Novemba 2. Cubs wakaongoza 5-1, kisha 6-3, na zikabaki zamu chache. Hapo Rajai Davis wa Cleveland akauvusha mpira, mambo yakawa 6-6. Kila shabiki wa Cubs aliijua hadithi hiyo. Alikuwa ameisikia kwa babake.

Zamu tisa zikaisha bila mshindi. Mvua ikanyesha. Mchezo ukasimamishwa kwa dakika 17. Wachezaji wa Cubs wakakusanyika katika chumba kidogo, na mwenzao Jason Heyward, ambaye hakuwa amepiga vyema msimu huo, akawatia moyo. Waliporudi, Ben Zobrist akapiga, pointi ikaingia. Ikaongezwa nyingine. Cleveland wakapata moja tu. Kisha mpira ukabingiria kwa Bryant, akaudaka huku tayari anatabasamu, akamrushia Rizzo. Nane kwa saba!

Kule Cleveland ilikuwa imepita saa sita za usiku. Hapa Nairobi ilikuwa karibu saa mbili kasorobo asubuhi, wewe na mimi tukihangaika na msongamano wa magari. Siku mbili baadaye umati uliojitokeza Chicago kuipokea timu ulikadiriwa na wakuu wa jiji kuwa watu milioni 5.

Majina ukutani

Lakini si umati huo ulionigusa. Katika siku zile watu walikuwa wakienda mmoja mmoja hadi kwenye kuta za nje za Wrigley Field wakiwa na chaki. Waliandika majina. Babu, nyanya, baba, mjomba, wote waliokwisha kufa wakiingoja siku hiyo. Kuta zikajaa hadi juu, watu wakawa wanabebana mabegani. Mwanamume mmoja alisafiri kwa gari hadi jimbo jingine, akaketi kando ya kaburi la babake, akasikiliza mechi ya saba hapo. Alikuwa amemwahidi marehemu kwamba wataisikiliza pamoja.

Januari 2017 timu ilialikwa katika Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama, ambaye babake mzazi alitoka Siaya. Obama mwenyewe ni wa White Sox. Lakini mkewe Michelle ni wa Cubs, ingawa alilelewa upande wa kusini, na sababu yake ni ile ile: alipotoka shule alimkuta babake akitazama Cubs. Babake alifariki mwaka 1991.

Hata yule kijana wa mwaka 2003 alikumbukwa. Mwaka 2017 timu ilimpa pete ya ubingwa, kama waliyopewa wachezaji. Ilichukua miaka 14, lakini radhi ilifika.

Usidhani baada ya hapo ilikuwa raha mustarehe. Mwishoni mwa Julai 2021, ndani ya siku chache, Rizzo, Baez na Bryant wote waliuzwa kwa timu nyingine. Watoto waliovaa fulana zenye majina hayo waliamka wakakuta mashujaa wao wamekwenda. Na kufikia mwisho wa msimu wa 2024, Cubs hawakuwa wamerudi fainali. Kwa hivyo yule mzee wa Chicago amerudia kauli yake ya tangu zamani: "Tutaona mwaka ujao."

Basi, msomaji, watoto wakikupokea tena mlangoni Jumapili jioni na swali lao, usiwapite ukiwa umenuna. Keti nao. Waeleze mpira ulivyochezwa, nani alijitahidi, nani aliteleza, na kwa nini hakuna wa kutupiwa chupa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Taji huenda likaja, huenda lisije ukiwa hai. Lakini jioni hizo mlizoketi pamoja, mwanao hatazisahau, na siku taji litakapofika, atatafuta chaki na ukuta wa kuandikia jina lako.