Mtungi Ulioandikwa Propani Haujathibitisha Kitu

Ukiingia katika duka la vinywaji Kirumba, Igoma au Buzuruga hapa Mwanza, tazama kibandiko kilicho karibu na kompresa ya friji ya kioo. Friji nyingi mpya zimeandikwa R-290, na pembeni pana alama ya moto ndani ya pembetatu ya njano. R-290 ni propani. Haidhuru tabaka la ozoni, na mchango wake katika joto la dunia ni mdogo mno ukilinganisha na R-134a, gesi nyingine ya friji ambayo kilo moja yake huhesabiwa sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Tangu nchi zilipokubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hiyo, propani imezidi kupata nafasi.

Wakati huohuo gesi ya kupikia inaingia katika nyumba nyingi zaidi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo mwaka 2034. Hatua hiyo ni njema kwa afya zetu na kwa misitu yetu. Lakini inamletea fundi wa friji kishawishi: kwa kuwa mtungi wa jikoni nao una propani, kwa nini asijazie friji kwa gesi hiyo ya bei nafuu?

Asifanye hivyo, kwa sababu gesi ya jikoni ni mchanganyiko wa propani na butani, na vipimo vyake hubadilika kulingana na shehena. Huongezwa pia kemikali ya salfa ili ikivuja tuisikie harufu. Propani ya friji hutakiwa iwe safi kwa angalau asilimia 99.5, na maji ndani yake yasizidi sehemu 10 kwa milioni.

Tofauti hiyo huonekana katika kazi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ya kawaida huchemka karibu kabisa na sifuri. Friza ya kugandisha sato ikijazwa mchanganyiko huo, kompresa huvuta gesi hafifu, ubaridi hupungua na mota hupata joto, kwa sababu gesi inayorudi ndiyo inayoipoza. Maji nayo huganda kwenye mdomo wa kapilari: friza inapoa, inaacha, kisha inapoa tena. Salfa hushambulia shaba polepole. Mwenye friza hulaumu umeme, kumbe ugonjwa uliingia siku ya kujaza gesi.

Ili asiuziwe mchanganyiko huo, fundi anaweza kuupima mtungi ulioandikwa R-290 kwa geji na kipimajoto tu. Auache kivulini kwa saa kadhaa, mbali na moto, mpaka joto lake lilingane na la hewa. Afunge kipimajoto kwenye ubavu wa mtungi, chini ya usawa wa kimiminika, kisha asome presha. Katika nyuzi 25, propani safi hapa Mwanza husoma takriban psi 125. Katika nyuzi 20 husoma karibu 108, na katika nyuzi 30 karibu 144. Mchanganyiko wa nusu propani na nusu butani kwa uzito, katika nyuzi 25, utasoma kati ya 80 na 90. Tofauti hiyo hata geji ya bei ndogo huionesha.

Hapa kuna jambo la kwetu watu wa Ziwa. Majedwali mengi ya presha yameandaliwa kwa usawa wa bahari, ilhali Mwanza iko kwenye mita zipatazo 1,140. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, hivyo geji husoma takriban psi 2 juu ya jedwali. Fundi aliyehama kutoka Dar es Salaam akumbuke kuziongeza kwenye namba za jedwali.

Kipimo kimoja hakitoshi. Hewa iliyoingia mtungini hupandisha presha na butani huishusha, kwa hiyo gesi iliyochafuliwa na vyote viwili inaweza kusoma sawasawa na gesi safi. Fundi atoe mvuke kidogo, nje, mahali pa wazi, mtungi ukiwa umesimama. Angoje joto lirudi pale pale, kisha apime tena, na tena. Presha ya propani safi haibadiliki maadamu kimiminika kimebaki. Ikizidi kushuka kila mara hadi chini ya jedwali, ni mchanganyiko, kwa sababu propani hutangulia kutoka na kuiacha butani nyuma.

Pua nayo ina kazi yake. Mtungi wa R-290 unaonuka kama gesi ya jikoni ukataliwe. Hata usiponuka, bado haujathibitishwa. Na gesi isiyo na harufu ikivuja hakuna atakayejua. Propani ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, na ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuiwasha. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Geji hufichua udanganyifu mkubwa. Haiwezi kutenganisha asilimia 99.5 na 98, wala haioni maji na salfa. Hayo huonwa na mashine za maabara, kwa hiyo muuzaji adaiwe cheti cha uchambuzi chenye namba ya shehena inayolingana na ile iliyo kwenye mtungi.

Wewe mwenye friza, kabla fundi hajafungua vali, omba uone cheti hicho, umwone akipima presha na joto, na umwone akipima gesi kwa mizani, kwa sababu gesi ya friji nyingi za nyumbani haitakiwi kuzidi gramu 150. Fundi asiye na geji, kipimajoto na mizani asiiguse friji ya R-290.