Fidia ya ajali kazini: Siku 7 za mwajiri, miezi 12 ya mfanyakazi

WAFANYAKAZI wengi nchini huumia wakiwa kazini kisha wakaondoka mikono mitupu, si kwa sababu sheria haiwatambui, bali kwa kuwa hawakujua la kufanya wala muda waliopewa kulifanya. Mmoja hukatwa kidole na mashine kiwandani, mwingine huanguka kutoka ghorofa ya mjengo, wa tatu hudhurika macho kwa dawa ya kunyunyizia maua shambani. Mwajiri hulipa bili ya kwanza ya hospitali, huongeza shilingi elfu chache za 'pole', na suala zima likafungwa hapo.

Ilhali haki ya fidia si fadhila ya mwajiri. Imeandikwa katika Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, inayojulikana na wengi kwa ufupisho wa WIBA. Sheria hiyo ilianza kutumika Juni 2008 na kuchukua nafasi ya ile ya kale ya fidia kwa wafanyakazi, iliyokuwa Sura ya 236 ya Sheria za Kenya.

Msingi wake ni rahisi kuuelewa. Mfanyakazi akipata ajali iliyotokana na kazi yake, na iliyotokea akiwa katika kazi hiyo, mwajiri ana wajibu wa kumlipa. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, kwamba mashine ilikuwa mbovu au kwamba hakupewa glavu. Linalotakiwa ni kuonyesha kwamba aliajiriwa, kwamba aliumia na kwamba jeraha lilitokana na kazi.

Nani analindwa?

Sheria inamtambua kama mfanyakazi mtu yeyote aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara chini ya mkataba wa huduma, pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Watumishi wa serikali wamo, ila wanajeshi hawamo.

Hapa ndipo vibarua wengi hujinyima haki yao. Hudhani kwamba kwa kuwa hawakuandikiwa barua ya kazi, hawana pa kushika. Lakini chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Isitoshe, ni mwajiri anayepaswa kuhakikisha mkataba umeandikwa pale sheria inapotaka hivyo; akishindwa kuutoa kesi inapofika mahakamani, mzigo wa kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi unamwangukia yeye.

Hata hivyo, kibarua asiye na barua anahitaji ushahidi mwingine wa kuonyesha kwamba alikuwa kazini siku hiyo. Rekodi ya malipo ya M-Pesa kutoka kwa msimamizi, kitabu cha mahudhurio, kadi ya kuingilia langoni, ujumbe wa simu wa kumwita kazini na ushahidi wa wenzake ni vitu vya kuhifadhiwa kama mboni ya jicho.

Sheria inawafaa pia wale wanaosafirishwa bila malipo kwa gari la mwajiri wakienda kazini au kurudi nyumbani. Ajali ikitokea njiani katika hali hiyo, huhesabiwa kuwa imetokea kazini.

Je, iwapo mfanyakazi alikiuka maagizo? Akiwa alifanya hivyo kwa ajili ya shughuli za mwajiri, ajali bado yaweza kuhesabiwa kuwa ya kazini. Lakini aliyejitakia makusudi, kwa mfano kwa kufanya kazi akiwa mlevi, anaweza kunyimwa fidia, isipokuwa pale ajali hiyo iliposababisha ulemavu mkubwa au kifo.

Hatua ya kwanza ni kuripoti

Jambo la kwanza baada ya matibabu ya dharura ni kumjulisha mwajiri. Taarifa yaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na yaweza kutolewa na mtu mwingine kwa niaba ya aliyeumia. Iliyo bora ni ya maandishi, hata kama ni mistari mitano tu: tarehe, saa, mahali, jinsi ajali ilivyotokea na majina ya walioshuhudia. Mfanyakazi na abaki na nakala.

Mwajiri naye, akishapata habari hizo, ana siku 7 za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ajali ikisababisha kifo, taarifa inapaswa kumfikia Mkurugenzi katika muda wa saa 24. Ripoti hutolewa kwa fomu maalumu iitwayo DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari.

Waajiri wengine hukataa kujaza fomu hiyo wakidai kwamba jeraha halikutokana na kazi. Sheria haiwapi nafasi hiyo. Mfanyakazi akisema kwamba aliumia kazini, mwajiri anapaswa kuripoti hata kama yeye binafsi ana maoni tofauti. Uamuzi si wake, ni wa Mkurugenzi.

Mwajiri akikaa kimya, mfanyakazi asikae kimya naye. Anaweza kwenda mwenyewe katika afisi ya usalama na afya kazini iliyo karibu naye na kueleza yaliyompata, kwani Mkurugenzi ana wajibu wa kufanya uchunguzi anapopata kujua kwamba mfanyakazi ameumia.

Muda ndio adui mkubwa. Haki ya manufaa hupotea iwapo ajali haikuripotiwa kwa mwajiri katika miezi 12, ila pale inapothibitishwa kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine. Dai lenyewe la fidia nalo linapaswa kuwasilishwa katika miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo iwapo mfanyakazi alifariki. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika suala hili kungoja ahadi za mwajiri kumewaponza wengi.

Anacholipwa mfanyakazi

Manufaa ni ya aina kadha, na ni vyema kuyatenganisha.

Kwanza ni gharama za matibabu. Mwajiri anapaswa kugharimia matibabu yanayohitajika, upasuaji, kulazwa hospitalini, uuguzi, dawa, na vifaa kama vile magongo na viungo bandia. Gharama za usafiri zinazotokana na matibabu hayo zimo pia. Ni wajibu wake vilevile kuweka huduma ya kwanza mahali pa kazi na kumfikisha majeruhi hospitalini.

Pili ni malipo ya ulemavu wa muda. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi kwa sababu ya jeraha anastahili malipo ya mara kwa mara yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa maneno mengine, aliye kitandani kwa miezi minne akiuguza mguu uliovunjika hapaswi kukatiwa mshahara.

Tatu ni fidia ya ulemavu wa kudumu. Hii hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, yaani miaka 8. Aliyepata ulemavu kamili, kwa mfano aliyepofuka macho yote mawili, huhesabiwa kwa asilimia 100. Aliyepoteza sehemu ya kiungo huhesabiwa kwa asilimia inayotokana na jedwali lililo katika sheria na tathmini ya daktari.

Chukua mfano wa fundi anayepata Sh15,000 kwa mwezi, ambaye daktari amekadiria ulemavu wake kuwa asilimia 20. Mapato ya miezi 96 ni Sh1,440,000. Asilimia 20 ya kiasi hicho ni Sh288,000. Huo ndio msingi wa fidia yake, ingawa sheria inampa waziri husika mamlaka ya kuweka viwango vya chini na vya juu. Mtu akilinganisha hesabu hiyo na 'pole' ya Sh10,000 aliyopewa na msimamizi, ataona mwenyewe ukubwa wa hasara ya kutojua.

Nne ni malipo ya kifo. Wategemezi wa marehemu hulipwa fidia kwa mujibu wa jedwali la sheria, naye mwajiri hugharimia mazishi kwa kiasi kisichozidi kiwango kilichowekwa. Fidia hiyo si sehemu ya mirathi ya marehemu. Ni ya wale aliokuwa akiwakimu.

Katika hesabu hizi, mfanyakazi awe macho kuhusu neno 'mapato'. Halimaanishi mshahara wa msingi pekee. Thamani ya chakula au makao anayopewa kwa kawaida na mwajiri hujumuishwa, na pia malipo ya saa za ziada yaliyo ya kawaida. Marupurupu ya usafiri na saa za ziada za mara moja moja hayahesabiwi.

Magonjwa nayo yamo. Mfanyakazi aliyeugua mapafu kutokana na vumbi la mawe, au aliyedhuriwa na kemikali za kazini, anaweza kudai fidia ya ugonjwa wa kazi iwapo unahusishwa na kazi yake kama sheria inavyoeleza.

Daktari, bima na 'kusamehe'

Tathmini ya daktari ndiyo inayoamua asilimia, na asilimia ndiyo inayoamua pesa. Mfanyakazi anapotakiwa kupimwa hana budi kujitokeza, lakini ana haki ya kuwa na daktari wake mwenyewe wakati wa upimaji, kwa gharama yake. Ripoti zote, picha za eksirei na risiti zihifadhiwe.

Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kugharimia fidia hizi, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo. Mkurugenzi akishawasilisha dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, linapaswa kulipwa katika siku 90. Pesa zikishamfikia Mkurugenzi, ana siku 30 za kumkabidhi mfanyakazi au wategemezi.

Kuna mtego mmoja wa kuepukwa. Baadhi ya wafanyakazi huletewa karatasi hospitalini watie sahihi kwamba wamepokea kiasi fulani na hawatadai zaidi. Mapatano ya mfanyakazi kuacha haki yake ya manufaa chini ya sheria hii ni batili. Hata hivyo, karatasi kama hiyo huleta usumbufu na kuchelewesha mambo, kwa hivyo dawa yake ni kutoitia sahihi.

Wengine huogopa kufutwa wakidai haki yao. Sheria ya Ajira inataja waziwazi kwamba kuwasilisha malalamishi dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, mradi malalamishi hayo yana msingi.

Kwa nini si mahakamani moja kwa moja?

Kwa miaka mingi mawakili walizoea kuwasilisha kesi za majeraha ya kazini moja kwa moja mahakamani wakidai mwajiri alizembea. WIBA ilibadilisha hayo. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kwa fidia ya ajali ya kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo.

Chama cha Mawakili nchini kilipinga vifungu kadha, na mnamo Machi 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho. Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu kubwa ya uamuzi huo Novemba 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikauunga mkono uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Tangu hapo njia imekuwa wazi: dai huanzia kwa Mkurugenzi.

Hii haina maana kwamba mlango wa mahakama umefungwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi hupaswa kujibu kwa maandishi katika siku 14. Asiporidhika na jibu hilo, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Na iwapo mwajiri hakupinga wala hakulipa, majaji wa mahakama hiyo wamewahi kuidhinisha tathmini ya Mkurugenzi itekelezwe kama hukumu.

Aidha, kizuizi hicho kinamhusu mwajiri pekee. Dereva wa kampuni aliyegongwa na lori la mtu mwingine akiwa kazini anaweza kudai fidia ya WIBA kwa mwajiri wake na bado akamshtaki mwenye lori, ingawa mahakama itazingatia alicholipwa tayari.

Utaratibu huu una faida na kasoro zake. Mfanyakazi hahitaji wakili wala miaka ya kuthibitisha uzembe, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa kipato cha chini. Kwa upande mwingine, hatalipwa fidia ya maumivu na mateso kama ambavyo mahakama zilikuwa zikitoa, na kasi ya dai lake hutegemea afisi moja ya serikali. Ndiyo maana ni muhimu kulifuatilia, kuandika tarehe na kudai majibu kwa maandishi.

Kwa muhtasari, anayeumia kazini atibiwe, aripoti kwa mwajiri siku hiyo hiyo ikiwezekana, ahakikishe fomu imejazwa na kufika kwa Mkurugenzi, ahifadhi kila karatasi, na asiruhusu miezi 12 ipite. Vyama vya wafanyakazi navyo vina jukumu la kuwafunza wanachama wao mambo haya kabla ya ajali kutokea, maana kidole kikishakatika hakirudi, lakini haki yake bado yaweza kupatikana.