Ardhi Iliyofufuliwa: Tusiridhike na Uso Wake

Hakuna habari impendezayo mkulima, na pia mtumishi wa Serikali, kuliko habari ya ardhi iliyokufa ikafufuka. Mahali palipokuwa peupe kwa chumvi na magadi, pasipoota hata jani, pameoteshwa mpunga. Hekta zimehesabiwa, taarifa imeandikwa, na jalada limefungwa. Furaha hiyo ni ya haki. Hata hivyo, tunaona ni wajibu wetu kuwakumbusha wananchi na viongozi kwamba udongo wa mfinyanzi uliokwisha kuingiwa na magadi hauponi kwa mavuno ya mwaka wa kwanza. Kinachopona kwanza ni ngozi ya juu tu, isiyozidi shibiri moja, na chini ya ngozi hiyo tabaka gumu hubaki kama lilivyokuwa. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tunalisema hili kwa sababu visiwa vyetu vina haja nalo. Sehemu kubwa ya mchele tunaoula hutoka ng'ambo, ilhali katika baadhi ya mabonde ya Pemba na Unguja yaliyo karibu na pwani maji ya bahari yamekwisha kuingia mashambani. Kila bonde linaloharibika ni chakula cha watu kilichopotea, na kila bonde linalotangazwa kuwa limepona kabla ya kupona ni hasara iliyoahirishwa. Kabla ya kuyafikia mabonde yetu, tuitazame nchi iliyoifanya kazi ya kufufua udongo wa magadi kwa upana mkubwa na kwa miaka mingi, yaani India.

Katika uwanda wa mito Indus na Ganges, hasa katika majimbo ya Uttar Pradesh, Haryana na Punjab, uko udongo ambao wakulima wa huko huuita usar. Hesabu za nchi hiyo zimeonyesha kiasi cha hekta milioni 3.77 za udongo wa magadi, na katika hizo kiasi cha hekta milioni 1.35 zimo Uttar Pradesh pekee. Mwaka 1969 Serikali ya India ilianzisha taasisi ya utafiti wa ardhi za chumvi, yenye makao yake katika mji wa Karnal. Mwaka 1974 jimbo la Haryana likaunda shirika lake la kufufua ardhi, na mwaka 1978 Uttar Pradesh nayo ikafanya hivyo. Mwaka 1993 ukaanza huko Uttar Pradesh mradi mkubwa uliosaidiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwalenga hasa wakulima wadogo ambao shamba lao lote halifiki hekta moja.

Ni nini basi tabia ya udongo huu? Wengi hudhani kwamba udongo wa chumvi na udongo wa magadi ni kitu kimoja. La hasha. Udongo wa chumvi una chumvi iliyoyeyuka katika maji yake. Mmea hufa kwa kiu ilhali mizizi yake imo majini, lakini udongo wenyewe aghalabu hubaki laini na wenye kupitisha maji. Udongo wa magadi una ugonjwa mwingine. Humo sodiamu imekwisha kujishikiza katika chembe zenyewe za mfinyanzi. Chembe hizo, zinaposhikwa na kalsiamu, hukaa pamoja katika vidonge vidogo, na baina ya vidonge maji na hewa hupita. Zinaposhikwa na sodiamu, huvimba na kuachana mara zipatapo maji, zikaelea kama unga, zikaziba kila tundu. Mvua ikinyesha, maji husimama juu, machafu na mazito. Jua likiwaka, udongo hukauka kama tofali na kupasuka nyufa.

Wataalamu wana kipimo cha tabia hiyo: sodiamu ikizidi sehemu 15 katika kila mia ya madini yaliyoshikwa na chembe za udongo kwa namna hii, huuhesabu udongo huo kuwa wa magadi. Uchungu wake nao hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho katika udongo usioelemea upande wowote huwa 7. Udongo wa magadi hupita 8.5, na katika usar mbaya hupita 10. Katika hali hiyo zinki humponyoka mmea, na sehemu ya mbolea ya chumvichumvi hupotea hewani kabla mkulima hajafaidika nayo.

Sasa tuje kwenye tabaka gumu. Katika usar nyingi, ukichimba kiasi cha nusu mita hadi mita moja au zaidi, unakuta vijiwe vya chokaa vilivyoshikamana, ambavyo Wahindi huviita kankar. Vijiwe hivyo vimefanyika kwa sababu magadi huigeuza kalsiamu ya udongo kuwa chokaa isiyoyeyuka. Kwa hiyo kalsiamu ambayo ingeuponya udongo imo humo humo, lakini imefungwa. Juu ya vijiwe hivyo aghalabu huwapo mfinyanzi mzito ulioshuka na maji na kujaza matundu ya chini. Maji hayashuki, na mizizi inayofika hapo hugeuka na kwenda kando.

Dawa iliyotumiwa ni jasi, ambayo ina kalsiamu iliyo tayari kuyeyuka. Shamba husawazishwa na kuzungushiwa matuta. Jasi, aghalabu tani 10 hadi 15 kwa hekta, huchanganywa na udongo wa juu kwa kina cha sentimita 10 hivi. Kisha maji hufungiwa shambani kwa siku 10 au zaidi. Kalsiamu huichukua nafasi ya sodiamu, na sodiamu iliyofukuzwa huondoka na maji. Zao la kwanza huwa mpunga, wala si kwa bahati. Mpunga huvumilia magadi kuliko nafaka nyingi, na mizizi yake ndani ya maji hutoa hewa ya kaboni ambayo huyeyusha kidogo kidogo ile chokaa iliyofungwa. Wakulima walifundishwa kupandikiza miche iliyokomaa, ya siku 35 hivi, mitatu au minne katika shimo moja, na kutia salfeti ya zinki kilo 25 kwa hekta. Baada ya mpunga hufuata ngano, na kabla ya mpunga mwingine hupandwa mmea wa jamii ya kunde uitwao dhaincha, ambao hufukiwa ukiwa mbichi ili uwe mbolea.

Kwa njia hii takriban hekta milioni 2 za India zimerudishwa katika kilimo. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini jasi ile ilitiwa juu tu, kwa kuwa kuutibu udongo wote hadi chini kungegharimu mno. Chini ya shamba lenye mpunga mzuri, pH iliendelea kuwa ya juu kwa miaka. Tiba huteremka polepole, msimu baada ya msimu, ikifuata mizizi na maji, na huteremka pale tu ambapo maji yana njia ya kuondoka. Katika mashamba ya Uttar Pradesh yaliyo jirani na mifereji mikuu inayovuja, maji ya chini ya ardhi yalipanda, yakaleta tena sodiamu juu, na sehemu ya ardhi iliyokuwa imeponywa ikarudi katika hali ya usar. Jasi ilikuwa imetiwa, matuta yamejengwa na mavuno yamepatikana, lakini njia ya maji kutoka ilikosekana.

Msomaji atauliza: India ni bara na magadi yake yametoka ardhini, sisi yanatuhusu nini, ilhali adui yetu ni bahari? Jibu tunalipata kwa watu wa visiwa wenzetu, wa jimbo la Zeeland nchini Uholanzi. Mwezi Oktoba 1944, katika vita, ndege za Uingereza zilizivunja kingo za kisiwa cha Walcheren, na bahari ikakaa mashambani hadi kingo zilipozibwa mapema mwaka 1946. Tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilivunja kingo za visiwa vingi vya huko, na watu 1,836 wakafa katika nchi hiyo. Bahari ilipoondolewa, wakulima waliona jambo la ajabu. Mfinyanzi uliokuwa na chumvi nyingi ulionekana mzima. Mvua zilipouosha ndipo ulipoanza kufumuka na kuganda. Sababu ni kwamba chumvi nyingi ndani ya maji huzishika chembe za mfinyanzi zisiachane. Mvua ikiiondoa chumvi hiyo upesi, sodiamu iliyojishikiza hubaki peke yake, na ugonjwa wa magadi hudhihirika. Waholanzi walitia jasi, na wakaacha kuutimba na kuulima udongo huo ungali na maji.

Hilo ndilo fundisho kubwa kwetu. Mara nyingi husemwa kwamba bahari ikizibwa, masika mawili yatalisafisha bonde. Ni kweli kwamba masika yataondoa chumvi, tena mvua zetu ni nyingi. Lakini bonde la kinamo, ambalo mfinyanzi wake ni mzito, laweza kupoteza chumvi na kubaki na magadi. Kipimo cha chumvi peke yake kitasema bonde ni salama, ilhali udongo umekwisha kuziba. Wazee wetu waliotofautisha kinongo na kinamo, mchanga na uwanda, walijua kwamba kila udongo una matunzo yake, na majina hayo wataalamu wenyewe waliyachukua.

Iko njia nyepesi ambayo kila mkulima anaweza kuijaribu. Chukua donge dogo la udongo uliokauka, uliweke polepole ndani ya gilasi ya maji ya mvua, usiitikise, na uiache hadi kesho yake. Maji yakibaki meupe na donge likaporomoka tu, hali ni njema. Likizungukwa na wingu kama la maziwa, udongo huo unafumuka na unahitaji tiba. Yatumike maji ya mvua, si ya kisima, kwa sababu visima vya ardhi ya mawe ya pwani vina kalsiamu yake na vitamdanganya mtazamaji. Kisha lichimbwe shimo la kimo cha kiuno. Penye mizizi iliyopinda na kwenda kando, hapo ndipo lilipo tabaka gumu.

Lakini tabaka hilo lisipigwe trekta kwa pupa. Katika bonde la mpunga, kuburuga kwa miaka mingi hufanya tabaka gumu la kina kifupi, nalo hulisaidia bonde kuhifadhi maji. Ukilivunja ovyo, maji yatapotea na mpunga utakauka. Tabaka la magadi nalo, likichanwa kwa chuma bila kutiwa jasi, nyufa zake hujiziba tena kwa mvua za msimu ule ule. Kwa hiyo hapana budi kwanza kujua tabaka ni la namna gani, na zao litakalofuata ni lipi. Penye mpunga mtupu, huenda likaachwa. Penye nia ya kupanda mboga au kunde baada ya mpunga, litahitaji kushughulikiwa.

Kuhusu dawa, visiwa vyetu vina chokaa tele, lakini chokaa haiyeyuki vya kutosha katika udongo wenye magadi. Jasi ndiyo ifaayo, na si lazima itoke mbali, kwani huchimbwa Makanya, wilayani Same, Tanzania Bara. Samadi na majani ya kufukia nayo husaidia, kwa kuwa yanapooza hutoa hewa ile ile inayoyeyusha chokaa. Gharama ya jasi hata hivyo haiwezi kubebwa na mkulima wa robo hekta peke yake. Huko India Serikali ilichangia bei yake, na hapa kwetu pia itabidi ichangie.

Tunapendekeza basi mambo manne. Kwanza, kila bonde lililoingiwa na bahari lipimwe sodiamu na pH pamoja na chumvi, juu na chini, kabla ya msimu. Pili, fedha za matuta zisitolewe bila fedha za mitaro na milango ya maji inayofunga bahari ikijaa na kufungua ikipwa, tena iwepo kamati ya wakulima wenyewe ya kuisafisha kila mwaka. Tatu, trekta zisiburuge bonde ambalo bahari imetoka karibuni kabla wataalamu wa udongo hawajasema neno. Nne, bonde lisiandikwe katika taarifa kuwa limefufuliwa mpaka livunwe misimu mitatu mfululizo bila mavuno kushuka.

Yatakuwapo pia mabonde ambayo bahari imeyachukua na gharama ya kuyarudisha itashinda faida. Hayo yasemwe waziwazi, mikoko irudishwe hapo ili ilinde mabonde ya nyuma yake, na wakulima waliopoteza maeneo wapewe mengine. Ni afadhali mkulima aambiwe ukweli huo leo kuliko kuachwa apande mbegu kila masika katika udongo usioweza kuzilea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa udongo huu, ufa uko chini, mahali ambapo mgeni wa siku moja hapaoni. Afisa anayekwenda bondeni na achukue jembe, achimbe, na mwenye shamba awe pamoja naye shimoni.