Deni Si Kesi ya Polisi

Wengi wetu tumecheka sana na Vioja Mahakamani ya KBC. Mshtakiwa yuko kizimbani, kiongozi wa mashtaka anambana kwa maswali, na kabla kipindi kuisha hakimu ameshaamua. Ni mchezo mzuri. Shida ni kwamba tumezoea kufikiri kila ugomvi unaanzia kwa polisi na kuishia jela. Sivyo.

Tuchukue mfano. Mama wa Molo anampa broka magunia 20 ya viazi, kila gunia shilingi 2,500. Broka anasema, "Nitakulipa Jumatatu, mama." Jumatatu nne zinapita, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Anakimbilia polisi, anaambiwa hilo ni deni tu. Isipokuwa broka alikuwa na ulaghai tangu mwanzo, wamemwambia kweli. Mama anarudi akidhani shilingi 50,000 zimepotea. Bado hazijapotea.

Iko njia gani?

Kuna mahakama ya madai madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 2021. Baadaye zikafika Nakuru na Naivasha. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1: bidhaa au kazi ambayo haijalipwa, pesa ulizomwekea mtu, mali iliyoharibiwa. Mambo ya ardhi, ya kuajiriwa na ya kuchafuliwa jina hayaendi huko. Kuwa na wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60.

Tufanye nini?

1. Tuzungumze kwanza. Mathayo 18 inatufundisha hatua: wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na mashahidi, kisha mbele ya wenzetu. Wazee au viongozi wa kikundi wanaweza kuwapatanisha. Mkikubaliana, andikeni na mtie sahihi.

2. Tukusanye ushahidi: karatasi ya makubaliano, ujumbe wa M-Pesa, daftari, na jina la aliyeona magunia yakipakiwa.

3. Yakishindikana, twende kwa karani wa mahakama atuonyeshe fomu na ada. Siku hizi kesi husajiliwa kwa mtandao, kwa hivyo kijana anayejua kompyuta atusaidie.

4. Tusilale. Deni la makubaliano likipita miaka 6, mahakama inaweza kulikataa.

Tusidanganyane: kushinda kesi si kushika pesa. Aliyeshindwa anaweza kuomba kulipa kidogo kidogo, na akikaidi itabidi urudi mahakamani uombe hukumu itekelezwe.

Kwa hivyo dawa kubwa iko mikononi mwetu. Mkutano ujao, kila kikundi kinunue daftari moja. Kabla gunia kupanda lori, tuandike jina, idadi, bei na siku ya kulipa, na wote wawili watie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.