Kupanda Mchongoma: Namna ya Kuchagua Gari la Kuvuta Tela

Msimu wa mavuno unapowadia, na vilevile miezi ya kiangazi ambapo visima vifupi hukauka, tela huwa miongoni mwa nyenzo zinazotafutwa sana vijijini. Tela moja huweza kutoa mahindi shambani hadi ghalani, kupeleka maji kwa mifugo, kusomba mchanga na matofali ya ujenzi, na kumpatia mmiliki wake kipato kwa kukodishwa. Si ajabu basi kwamba vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wanaostahili mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, huona gari na tela kuwa mradi wa kufikiriwa.

Swali ambalo wanunuzi wengi hulitanguliza ni hili: je, gari hili litavuta? Muuzaji hulijibu kwa urahisi. Huwasha injini, hukanyaga mafuta, husifu nguvu zake, na pengine hulifunga tela na kulikokota mbele ya macho ya wote. Lakini wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Gari lenye nguvu ya kulipandisha tela kilimani si lazima liwe na uwezo wa kulizuia upande wa pili wa kilima. Swali linalopaswa kutangulia, kwa hiyo, ni jingine: je, gari hili litaweza kulisimamisha tela likiwa limejaa, katika mteremko mkali kuliko yote ya njia litakayopita?

Jibu la swali hilo halihitaji vyombo vya kitaalamu. Kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kalamu, karatasi na subira, kabla fedha hazijatoka mkononi.

Mzigo hupimwa kabla ya gari

Kosa la kawaida ni kununua gari kwanza, kisha kulitafutia tela, kisha kulitafutia tela hilo mzigo. Mpango mzuri huanza upande wa pili. Kikundi kijiulize kitabeba nini, kiasi gani kwa safari moja, na katika njia ipi.

Uzito wa maji ni rahisi kuujua, kwa kuwa lita 1 ya maji ina kilo 1. Tangi la lita 1,000 likijaa huwa tani 1 kamili, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mahindi hukadiriwa kwa magunia. Gunia lisilozidi kilo 100, ambacho ndicho kikomo kinachoruhusiwa kisheria katika ufungashaji wa mazao, hufanya magunia 20 kuwa tani 2. Lumbesa huharibu hesabu hiyo, na hapo ubaya wake hauishii kwa mkulima anayepunjwa. Dereva anayeamini amebeba tani 2 huwa amebeba zaidi, na breki zake hazidanganyiki. Mchanga nao ni mzito kuliko unavyoonekana, kwani mita 1 ya ujazo huwa na takriban tani 1.5 na huongezeka ukilowa.

Juu ya mzigo uongezwe uzito wa tela lenyewe. Tela la chuma lililochomelewa mtaani mara nyingi halina karatasi ya vipimo, na uzito wake hausomeki popote. Njia ya uhakika ni kulipeleka kwenye mizani likiwa tupu, mara moja tu, na kuandika uzito huo ubavuni mwake kwa rangi.

Hesabu ya mfano

Tuseme kikundi cha vijana kinakusudia kuuza maji kwa tangi la lita 2,000. Maji ni kilo 2,000, tangi kilo 50, na tela kilo 700. Jumla ni kilo 2,750. Gari wanaloliona sokoni ni pikapu yenye uzito wa kilo 1,700 ikiwa tupu, ambayo mtengenezaji ameruhusu ifikie kilo 2,700 ikiwa na abiria na mzigo wake wa mgongoni.

Pikapu hiyo, ikiwa na dereva na msaidizi wake, itakuwa na takriban kilo 1,850. Pamoja na tela, msafara mzima utakuwa na kilo 4,600. Iwapo tela halina breki zake, breki za pikapu zilizobuniwa kusimamisha kilo 2,700 zitatakiwa kusimamisha uzito unaozidi huo kwa asilimia 70. Katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, msafara huo husukumwa kuelekea bondeni kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 460 hivi, na nguvu hiyo haipumziki hadi mteremko uishe. Breki zinazoshikilia muda wote huo hupata moto. Zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka, pedali huzama bila gari kupunguza mwendo.

Kuna hatari ya pili, ambayo haihusu moto. Tela zito huisukuma pikapu kwa nyuma. Kwenye changarawe au tope, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko, na gari na tela hukunjana katikati ya barabara. Hatari hiyo hukua kadiri tela linavyolizidi gari kwa uzito.

Mradi huo haulazimiki kuachwa. Tangi la lita 1,000 juu ya tela jepesi la kilo 450 lenye breki zake hufanya jumla ya kilo 1,500, uzito ulio chini ya ule wa pikapu. Safari zitakuwa mbili badala ya moja, na dizeli itaongezeka. Lakini gharama hiyo hujulikana mapema na inaweza kuingizwa katika bei ya maji, jambo ambalo haliwezekani kwa gharama ya ajali.

Vipimo vya kuuliza

Kila gari lililokusudiwa kuvuta huwa na mipaka iliyowekwa na mtengenezaji. Mipaka hiyo hupatikana katika kitabu cha mwongozo na, kwa magari mengi, baadhi yake huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa bodini. Mnunuzi aulize mambo manne.

La kwanza ni uzito wa tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi za kawaida kikomo chake ni kilo 750 tu. La pili ni uzito wa tela lenye breki, ambao kwa pikapu kubwa za kisasa unaweza kufika kilo 3,500. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo habari yenyewe: injini ni ileile na chasisi ni ileile, lakini uwezo unaoruhusiwa hupungua kwa karibu mara tano pale tela linapokosa breki zake. La tatu ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. La nne ni uzito ambao kiungio cha tela kinaweza kubeba kwa kukandamizwa kutoka juu.

Muuzaji asipoweza kuonyesha mipaka hiyo, busara ni kujizuia chini zaidi: tela lililojaa lisizidi uzito wa gari tupu iwapo lina breki, na lisizidi nusu ya uzito huo, wala kilo 750, iwapo halina.

Chombo kipi kwa kazi ipi

Magari madogo ya abiria hayafai kwa kazi ya kudumu ya tela. Mengi yana bodi isiyokaa juu ya chasisi ya chuma, na gia zake, hasa za kujibadilisha zenyewe, hupata joto haraka zinapovuta. Pikapu na magari ya chasisi kama Toyota Land Cruiser na Toyota Hilux yamekubalika vijijini kwa sababu ya uimara wa fremu na upatikanaji wa vipuri. Hata hivyo, jina la gari halifuti mipaka yake, na gari la miaka 20 halina tena uwezo ulioandikwa katika kitabu chake.

Trekta lina faida ya uzito, mwendo mdogo na gia nzito. Kwa safari fupi za shambani huwa chaguo bora kuliko pikapu. Lakini lina tabia mbili ambazo kila dereva anapaswa kuzijua. Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili kusaidia kukata kona shambani. Zikiachwa hivyo barabarani, dereva akikanyaga moja kwa dharura, trekta hugeuka ghafla upande huo na tela hulipindua. Pedali hizo hufungwa pamoja kwa komeo lake kabla ya kutoka shambani. Pili, kukanyaga klachi katikati ya mteremko ili kubadili gia ni kuliachia tela liamue mwendo. Gia huchaguliwa juu ya kilima, kabla ya kuanza kushuka, na kwa kawaida ile iliyofaa kupandia ndiyo ifaayo kushukia. Kutoa gia ili kuokoa mafuta ni akiba inayoweza kulipwa kwa maisha.

Pawatila, ambayo ilienea sana katika kipindi cha Kilimo Kwanza kilichotangazwa mwaka 2009, inahitaji maelezo ya pekee. Injini yake huwa na takriban nguvu za farasi 12 hadi 16, na kwenye tambarare huvuta tela dogo vizuri. Hatari yake imefichika katika usukani. Dereva hugeuza kwa kubana klachi ya upande anakotaka kwenda, na hivyo gurudumu la upande huo huachwa bila nguvu. Wakati wa kushuka, tela linapoisukuma pawatila, mambo hugeuka. Gurudumu lililoachwa huru hukimbia zaidi, na mashine huelekea upande wa pili. Dereva anayebana kushoto hujikuta akielekea kulia, pengine korongoni. Kwa hiyo, katika mteremko pawatila huongozwa kwa mikono yake mirefu bila kugusa klachi za pembeni, kwa gia ndogo, na kwa tela lenye breki inayofanya kazi. Palipo na milima mirefu, ni afadhali kutafuta chombo kingine.

Kiungio na upakiaji

Kiungio kifungwe kwenye chasisi, si kwenye bamba la nyuma. Kichwa chake kilingane na kikombe cha tela, maana kinachoingia kwa kulegea kitatoka kwa mtikisiko. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya kiungio, ili kiungio kikichomoka, mkono wa tela udakwe kabla ya kugusa ardhi.

Tela la ekseli moja likipakiwa nyuma zaidi huinua sehemu ya nyuma ya gari na kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyozidi. Likipakiwa mbele mno hukandamiza kiungio na kuyapunguzia magurudumu ya mbele mshiko wa usukani. Kipimo kinachofaa kwa kawaida ni kuacha takriban asilimia 10 ya uzito wa tela iegemee kiungio, bila kupita kikomo chake. Tangi la maji lisilo na vigawanyo vya ndani lisafiri likiwa limejaa au likiwa tupu, kwa kuwa maji ya nusu tangi hukimbilia mbele gari linapofunga breki na kulisukuma upya. Watu wasipakiwe kamwe juu ya tela la mizigo.

Kabla ya kutia saini

Gari lililotumika likaguliwe na fundi asiye na maslahi na muuzaji. Atazame chasisi kama ina nyufa au imechomelewa, klachi kama inateleza, rejeta na feni, hali ya breki zote, na matairi ya gari pamoja na ya tela. Kisha gari lijaribiwe likiwa na mzigo halisi, kwenye kilima halisi, kwa kupanda na kwa kushuka. Muuzaji anayekubali jaribio la kupanda na kukataa la kushuka amekwisha kujibu swali.

Gharama za usajili, bima na leseni ya usafirishaji kwa gari la biashara ziingizwe katika andiko la mradi tangu mwanzo, na bima ieleze wazi kwamba gari litavuta tela. Masuala ya usajili hushughulikiwa na TRA, na leseni za usafirishaji ni jukumu la LATRA. Ukaguzi wa gari na daraja la leseni ya dereva vithibitishwe kwa askari wa usalama barabarani. Kwa matrekta na pawatila, maofisa wa kilimo wa kata ndio wa kuanza nao, na CAMARTEC, iliyoko Arusha, hufanya majaribio ya zana za kilimo. Maandiko ya mikopo ya vikundi hupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mkopo hauna riba, lakini una marejesho. Gari likitumbukia korongoni mwezi wa tatu, marejesho ya mwezi wa nne hubaki palepale, na wanakikundi wote huyabeba. Karatasi moja ya hesabu, yenye uzito wa mzigo, wa tela na wa gari, ikiambatishwa kwenye andiko la mradi, itawakinga na deni hilo, na itawakinga pia wale watakaokutana na tela hilo mteremkoni.